Ngao Mbili Juu ya Jamvi

Junju
12 Januari 2025

Kwa mjukuu wangu Nyevu, huko Mariakani,

Mimi babu yako Kalume nina miaka themanini na mitatu. Nimezika wake wawili na machifu watatu. Kiwanda cha korosho cha Kilifi nilikiona kikifunguliwa, nikakiona kikifungwa. Na wote waliowahi kuwekwa vichwa vyao kwenye shilingi, tangu yule malkia wa Wazungu mpaka hawa wetu, wamekwenda mmoja mmoja wakaniacha. Sasa serikali imekosa kichwa, imeweka wanyama. Mimi bado nipo, na kuni napasua mwenyewe.

Baada ya hayo, hujambo mke wangu mdogo? Huku hatujambo. Mahindi yaliyobaki ghalani yameingia wadudu. Mbuzi wako mweupe ana mimba. Mpwa wangu Mangi amenunua tuktuk ya kubeba watu mpaka barabara kuu, na tangu siku hiyo hatembei kwa miguu hata kwenda chooni.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu ya sikio. Kwenye simu lazima wewe upige kelele na mimi nipige kelele, Mangi aweke spika, na jambo linafika sokoni kabla mimi sijalielewa. Mwandiko wangu ni wa ngumbaru lakini unasomeka. Waliosoma na mimi ngumbaru wengine mpaka leo wanaweka dole gumba. Kioko wa lori la maziwa amekubali kuwa posta yetu.

Jambo lenyewe ni hili. Kabla ya mwaka mpya alikuja mjomba wake Mwaro, huyo kijana wako anayetaka kuniibia mke. Nilidhani ameleta kibuyu cha tembo la mnazi la kuanzia maneno ya posa. Alikuja mikono mitupu. Akasema Mwaro alitoa damu kazini, wakamwambia anabeba mbegu moja ya sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Haumwi, anabeba tu. Sasa kabla hawajaleta mnazi wanaomba nawe upimwe.

"Mzee Kalume, si kwa ubaya," akasema. "Ni damu kidogo tu ya kidoleni."

"Kidole cha nani?"

"Cha binti."

"Basi tafuteni binti mwenye vidole vya kutobolewa. Vya wa kwangu ni vya kupikia."

Akaondoka bila kumaliza chai. Wewe ni mzima. Tangu ulelewe mkononi mwangu na mwa bibi yako hukulazwa hata siku moja. Mwenye ugonjwa anaonekana. Mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo wenzangu walianguka kwa homa ya mbu kama nazi, mimi nikabaki nachunga mbuzi zao. Ni damu hiyohiyo uliyo nayo. Hupimwi.

Uliniuliza kwa mdomo wa Kioko kaka yako Kalume mdogo alikufa kwa nini. Alikufa kwa homa. Basi.

Ni mimi babu yako,
Kalume


Mariakani
3 Februari 2025

Kwa Tsawe wangu, babu na mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Barua yako ilifika salama ikinuka maziwa. Mimi sijambo, ila huku joto limekaza na vumbi la malori haliishi. Kazini bado napima maziwa ya wachuuzi yanapoletwa asubuhi. Juzi mmoja aliniapia kwa jina la mama yake kwamba hajatia maji. Nikatumbukiza kipimo, kikazama mpaka shingoni. Akasema, "Lakini dada, si unaona ni meupe?" Nikamwambia ya maji nayo ni meupe. Mpe Mangi pongezi za tuktuk. Mbuzi akizaa jike, naomba asiuzwe.

Tsawe, ya posa na ya damu tuyaweke kando leo. Sitaki tugombane kwa barua, karatasi ni ghali. Nataka nikuulize jambo la ufundi wako. Umekuwa refa tangu kabla baba hajazaliwa, na hakuna mtu Junju mpaka Watamu aliyerusha shilingi mbele ya makapteni wengi kuliko wewe. Kwa hiyo naamini utalijua.

Chukua shilingi tano mbili, zile mpya. Upande mmoja kifaru, upande wa pili ngao. Mangi aende nyuma ya mlango azirushe zote mbili kwa pamoja, aziangalie, wewe usizione. Zikiwa ngao zote mbili, azirushe upya bila kukuambia. Zikiwa vinginevyo akupigie kelele: "Mjomba, mojawapo ni kifaru." Hakuambii ipi. Hapo ndipo nakuuliza: katika mara nyingi za namna hiyo, ni mara ngapi kutakuwa na ngao moja imejificha pale nyuma ya mlango?

Jibu upendavyo, ila urushe kweli, usijibu kwa kichwa tu.

Na jambo dogo la mwisho. Ulisema Kalume mdogo alikufa kwa homa. Homa gani, Tsawe? Mama na baba hawapo wa kuniambia, na bibi kila nilipomuuliza aliinuka kwenda kutafuta chumvi. Umebaki wewe.

Mjukuu wako mtiifu,
Nyevu


Junju
24 Februari 2025

Kwa Nyevu,

Salamu zako zimefika. Mbuzi bado. Jua limechoma mihogo ya upande wa juu, ya chini imesimama. Mangi amegonga ukuta wa kanisa kwa tuktuk, anasema ukuta ulikuwa umetokeza.

Umeuliza mtu anayefaa. Nakukumbusha tu, maana wewe hukuwepo. Fainali moja Watamu, timu yao na sisi, uwanja wa mchanga. Nilirusha shilingi ikaanguka ikasimama wima, haikulala kichwa wala mkia. Makapteni wote wawili wakasema, "Refa, rudia." Nikainama nikaitazama. Ilikuwa imeegemea kidogo upande wa kichwa. Nikasema ni kichwa, nikapuliza firimbi. Shilingi ikishaanguka mkononi mwangu hairudiwi. Miaka yote hiyo sijafuta mrusho hata mmoja, na Watamu mpaka leo wananisalimu kwa heshima.

Sasa fumbo lako. Ni la mtoto wa chekechea. Jibu ni nusu.

Nimerusha kama ulivyotaka. Mangi alitaka kwenda nyuma ya mlango, nikamwambia keti hapa, hatuchezi kibe cha kujificha. Umesema mojawapo ni kifaru. Vizuri. Nikachukua shilingi moja nikailaza kifaru juu kwa mkono wangu, kwa sababu hiyo imeshajulikana, ya nini kuirusha tena? Nikairusha ile ya pili. Mara kifaru, mara ngao, mara kifaru, mara ngao. Tulirusha mpaka Mangi akaitwa na abiria watatu akawakataa. Ngao na kifaru zilienda sawasawa kama miguu ya mtu. Nusu.

Basi kama ulikuwa na mtu huko mmeshindana, mwambie babu yako amesema nusu na alete anachodaiwa.

Ile ya kuzirusha upya zikianguka ngao mbili sikuipenda, nimeiacha. Hiyo ni kufuta mrusho. Sifuti.

Homa ni homa. Mtoto anakuwa na joto, anatetemeka. Hujawahi kuona mtu mwenye homa?

Kalume


Mariakani
30 Machi 2025

Kwa Tsawe,

Shikamoo babu. Nisamehe kwa kuchelewa. Lori la Kioko lilikufa Mazeras likalala huko wiki nzima, na barua yako ilikaa ndani ya droo ya mbele pamoja na maganda ya ndizi. Mimi sijambo. Pole kwa ukuta wa kanisa.

Fainali ya Watamu naijua. Umenisimulia tangu sijaota meno, na kila mwaka ile shilingi inasimama wima zaidi.

Lakini kwenye fumbo umekosea, Tsawe, na nitakuonyesha ulipokosea. Ulilaza shilingi moja kwa mkono wako. Mangi hakukuambia ni ipi iliyo kifaru, wewe ukajichagulia. Chukua msumari uikwaruze moja alama ili uzitofautishe. Sasa tazama zinavyoweza kuanguka. Zote mbili vifaru. Au yenye alama kifaru, isiyo na alama ngao. Au yenye alama ngao, isiyo na alama kifaru. Au zote mbili ngao. Njia nne, na hakuna inayopendelewa. Mangi akisema mojawapo ni kifaru, njia ya mwisho imetoka. Zimebaki tatu. Katika hizo tatu, mbili zina ngao ndani yake. Si nusu. Ni mbili kwa tatu.

Sasa nikuambie kwa nini nimeuliza. Naona hata wewe umeshajua, ndiyo maana ulinijibu haraka hivyo.

Kila mtoto anapewa shilingi mbili, moja na baba na moja na mama. Ngao mbili, ana sikoseli. Ngao moja, ni mzima kama wewe na mimi, anaibeba tu bila kujua, na anaweza kumpa mwanawe. Ukimtazama humwoni. Maziwa ya maji nayo ni meupe. Kama Kalume mdogo alikuwa na ngao mbili, basi baba alikuwa na moja na mama alikuwa na moja. Na mimi niliyezaliwa baada yake, nikasimama, nikakua, kwangu linajulikana jambo moja tu: si ngao zote mbili. Mojawapo ni kifaru. Mimi ndiye yule wa nyuma ya mlango, Tsawe. Unaposema "mtoto wangu ni mzima kwa hiyo hana kitu," uzima wangu hausemi hivyo. Unasema mbili kwa tatu ninayo.

Lakini kama ilikuwa homa tu, hesabu yote hiyo haipo. Ndiyo maana nauliza homa gani.

Usikasirike. Wiki iliyopita nilikwenda kupimwa. Majibu ninayo. Sikuambii mpaka uniambie ya kaka yangu. Najua si adabu kumwekea babu masharti, lakini wewe ndiwe uliyenifundisha kutotoa mpira kabla ya firimbi.

Mjukuu wako,
Nyevu


Junju
21 Aprili 2025

Nyevu,

Barua imefika. Mbuzi amezaa pacha, jike na dume. Mvua imeanza. Mangi hajambo.

Nusu.

Kalume


Mariakani
8 Juni 2025

Kwa Tsawe wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mguu hausumbui kwa hii baridi. Asante kwa habari ya mbuzi. Jike mwite jina lolote ila langu.

Kioko anasema alipita kwako akakukuta barazani na Mangi, mmeinamia jamvi. Hakuniambia mlikuwa mnafanya nini, alisema tu hukumkaribisha chai, na hilo halijatokea tangu aanze kupita.

Nimekaa na lile sharti langu wiki nyingi na limenikera. Mimi si mchuuzi na wewe si mteja. Kwa hiyo nakuambia bila kungoja: ngao moja, kifaru mmoja. Ninayo. Mwaro anayo. Daktari ametueleza kila mtoto tutakayemzaa, robo ya njia zake nne ni ngao mbili. Haijalishi wa kwanza ameangukaje, wa pili anarushwa upya.

Mwaro hajakimbia. Mjomba wake ndiye anayemvuta. Kila mtu anatupa hesabu, na hesabu naijua kuliko wao. Nisilolijua ni kinachokuwa ndani ya hiyo robo. Siku hizi kliniki ipo Kilifi, kuna dawa za kila siku, wapo wanaofika utu uzima, nimewaona. Lakini nyumbani kwetu alikuwepo mmoja, na sijui hata alikuwa anacheka vipi.

Sikuulizi tena alikufa kwa nini. Aliishije, Tsawe?

Nyevu


Junju
17 Agosti 2025

Kwa mjukuu wangu Nyevu,

Hujambo? Huku mvua ilisuasua lakini mahindi ya bondeni yamekubali. Yule mbuzi jike anaitwa Refa, kwa sababu anapiga kelele watu wakifanya kosa. Mguu ni mzima. Aliyekuambia mguu unasumbua ni mwongo.

Sikujibu upesi kwa kuwa nilikuwa na kazi. Kazi yenyewe ni shilingi.

Nilifanya kama ulivyoandika. Nikaikwaruza moja msumari. Tukatandika jamvi barazani, nikamwambia Mangi arushe yeye, mimi niamue. Tukaweka vikapu viwili na punje za mahindi. Zikianguka vifaru wawili, punje kikapu cha kushoto. Zikichanganyika, punje kikapu cha kulia. Zikianguka ngao mbili, ulisema hazimo, zirushwe upya.

Zilipoanguka ngao mbili mara ya kwanza Mangi akanyoosha mkono kuziokota.

Nikamwambia, "Ziache."

"Mjomba, Nyevu amesema hizi hazihesabiwi."

"Nimekuambia ziache hapo."

"Sasa nitarusha nini?"

"Mfukoni mwa tuktuk hukosi shilingi."

Akaenda akaleta nyingine mbili. Tukawa tunarushia pembeni, na zile mbili zimelala palepale, ngao juu. Baadaye akaniuliza hizo tumeziweka za nani. Nikamwambia za somo yangu.

Hapo ndipo Kioko alipokuja, na ndiyo maana hakupata chai.

Mwanzo uliniuliza alikufa kwa nini. Hilo ni swali la polisi, mimi polisi siwajibu. Mwisho ukaniuliza aliishije. Hilo ndilo swali, nalo najibu.

Alipewa jina langu kama desturi, mtoto wa kwanza wa kiume kwa babu yake, kwa hiyo ukimwita yeye naitika mimi. Kabla hajatembea, vidole vya mikono na miguu vilimvimba kama mihogo midogo. Macho yakawa manjano, yanatulia, yanarudi. Hospitali Kilifi wakampima, daktari akasema sikoseli, na akawaambia baba yako na mama yako mbele yangu kwamba imetoka kwa wote wawili, huyu nusu na huyu nusu. Walirudi na basi moja, viti mbalimbali. Mimi nilikaa na mtoto.

Alikuwa na miezi mizuri na miezi mibaya. Mizuri ilikuwa mingi kuliko unavyofikiri. Alikimbia, akachunga, akaiba sukari. Alicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika, unadhani amepaliwa. Nilimpa kitambaa akawa mshika kibendera wangu pembeni mwa uwanja. Siku moja alimwinulia Mangi kibendera, kuotea, na Mangi alikuwa amefunga goli la ushindi. Wachezaji wakamzunguka. Akawaambia, "Mwulizeni babu." Nikamkubalia. Mangi alininunia mwezi mzima, na mpaka leo anasema hakuwa ameotea. Alikuwa ameotea.

Miezi mibaya ilikuja na baridi kama hii. Mifupa ilimuuma, hakutaka kuguswa ila kidole changu gumba alikishika. Halii. Ananiuliza, "Babu, leo nani na nani?" Namtajia timu. Nikimaliza za kweli natunga. Nilimtungia ligi nzima, na yeye alikumbuka matokeo kuliko mimi. Damu ikimwishia tunakwenda Kilifi, baba yako anatoa yake, mtoto anarudi anacheka na mabega.

Mama yako alisema asizaliwe mwingine. Kisha ukazaliwa wewe, na kila asubuhi mama yako alikuwa anakufungua vidole kimoja kimoja anavitazama, mpaka ulipoanza kumpiga kofi. Somo yangu alikupenda. Alikuwa anakulaza juu ya kibendera.

Alikwenda akiwa na miaka minane, wewe miwili, mwezi wa saba, damu ilikwisha njiani. Homa pia alikuwa nayo, kwa hiyo nilichokuandikia Januari hakikuwa uongo.

Sasa vikapu. Tulirusha siku nyingi. Kikapu cha mchanganyiko kilikuwa kizito kama mara mbili ya kile cha vifaru. Mangi akakiinua akasema, "Mjomba, Nyevu ameshinda." Nikamwambia aeleze vizuri. Nusu yangu ni sahihi pale mtu anapoonyeshwa ni shilingi ipi iliyo kifaru. Ukinionyesha hii, iliyobaki ni nusu, hata ukimleta mwalimu wako wa chuo. Wewe hukuonyesha ipi, ulisema mojawapo tu, mimi nikajichagulia. Hapo ndipo tulipopishana. Kosa ni la aliyeuliza, lakini nimelisamehe.

Kisha nikafikiri, kama Nzai baba yako alikuwa na ngao, ameitoa wapi? Hakuiokota barabarani. Ni kwangu au kwa bibi yako, na bibi yako hawezi tena kupimwa. Nikakwenda zahanati kwa Monicah, yule muuguzi mwenye mikono baridi. Nikamwambia atoboe. Akauliza, "Mzee, umri huu unataka kuoa?" Nikamwambia ninaye mke Mariakani, anapima maziwa. Damu ikapelekwa Kilifi, jibu likarudi. Ngao moja, kifaru mmoja. Miaka themanini na mitatu natembea nayo sijaisikia ikigongana.

Tena Monicah amenieleza jambo. Anayebeba moja, homa ya mbu haimwangushi kirahisi utotoni. Kumbuka nilikuandikia nini: wenzangu walianguka kama nazi, mimi nikachunga mbuzi zao. Nilidhani ni nguvu zangu. Monicah anasema ni ngao. Nikamwambia ngao yenyewe ni ya nani? Yangu. Basi ni nguvu zangu.

Nilimwita mjomba wake Mwaro. Safari hii alimaliza chai. Nikamwambia, "Kidole nilichokunyima Desemba, nimetoa changu kwanza. Wetu anayo moja, wenu anayo moja. Hakuna wa kumtazama mwenzake kwa pembe ya jicho."

Akasema, "Basi mzee, toa neno. Waoane au wasioane?"

Nikamwambia yeye hajawahi kushika firimbi, ndiyo maana anauliza hivyo. Refa anarusha shilingi na kusema imeangukaje. Goli gani, nani aanze, hiyo ni ya makapteni. Siku refa akianza kuwachagulia makapteni, hiyo si mechi tena.

Kwa hiyo njooni wote wawili, wewe na huyo mwizi. Mketi barazani. Yeye hajasikia kuhusu kibendera wala ligi ya kutunga, wala viti mbalimbali ndani ya basi. Nitamweleza yote, siku nzuri na siku mbaya, sitampunguzia. Kisha mchague wenyewe. Muoane au muachane, mzae au msizae, mlee wa watu, ni juu yenu. Mkishachagua napuliza, na nikishapuliza aliye nje ya mstari hana sauti, hata akiwa mjomba. Mnazi waje nao ama wasije nao, mimi wangu ninao.

Zile shilingi mbili bado zipo juu ya jamvi. Mangi anafagia kwa kuzizunguka. Mkija, msizikanyage.

Ya shilingi, mwulize Mangi, alirusha yeye. Ya damu, mwulize Monicah, alitoboa yeye. Ya mtoto, waliomjua wamebaki wachache, na Mangi usimwulize, bado ana kinyongo cha goli lile. Mwulize Kalume.

Ni mimi,
Kalume